Kazi Isiyo na Kitufe

Jumatatu asubuhi, saa moja na nusu, Sikio alijikuta amegeuzwa kobe tena.

Kobe mwenyewe alikuwa wa kuchorwa, kijani kibichi, macho makubwa kama ya mtoto aliyeamshwa kwa nguvu. Alikuwa anatambaa taratibu chini kabisa ya skrini iliyotundikwa karakanani, kati ya mlango wa stoo na meza ya chai. Juu ya skrini hiyo lilizunguka taji la dhahabu. Mwenye taji alikuwa Bingwa, pointi elfu moja mia nne na kumi. Mwenye kobe alikuwa Sikio, pointi mia mbili na sita. Mafundi wa lifti walikuwa tisa, naye alikuwa wa tisa, mwezi wa tatu mfululizo.

"Shikamoo, kobe!" Bingwa alimwamkia kutoka kwenye benchi, kikombe mkononi, mguu juu ya mguu.

Wenzake wakacheka. Si kicheko kibaya sana, ni kile cha watu wanaoshukuru kwamba zamu ya kuchekwa si yao. Sikio alibwaga mkoba wake wa vifaa sakafuni kwa kishindo mpaka spana zikagongana humo ndani, akasimama mbele ya ile skrini akimtazama kobe anavyonyanyua mguu, anaushusha, ananyanyua mwingine. Alitamani ampige nyundo.

Chini ya skrini kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa utepe wa gundi. Kila mtu aliijua kwa moyo. Atakayekuwa wa mwisho miezi mitatu mfululizo atapangiwa majukumu mengine. Atakayekuwa wa kwanza atachagua jengo analolitaka. Majukumu mengine maana yake ilikuwa stoo, kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuwagawia wenzako nati na boliti mpaka ustaafu.

"Nimeshachagua," Bingwa alisema, kama anayeagiza chai ya pili. "Nalitaka lile refu. Lako."

*

Jina la Sikio hakupewa na mama yake. Alipewa na mafundi wenzake zamani, wakati mchezo wa pointi haujazaliwa na meneja wa sasa yuko bado shule ya sekondari. Alikuwa mwanamke pekee karakanani, mfupi, mabega mapana, nywele chini ya kofia, na kila asubuhi alikuwa na mambo yake ambayo wengine waliyaona kama uchawi.

Ukiwauliza watu lifti inapandaje, watakwambia inavutwa na kamba. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Juu kabisa ya jengo, juu hata ya ghorofa ya mwisho, kuna chumba ambacho wapangaji wengi hawajawahi kukiona. Humo ndimo inamokaa mota, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na gurudumu lenye mifereji ambamo kamba za chuma zinapita. Upande mmoja wa kamba inaning'inia lifti yenye watu. Upande wa pili kuna uzito wa chuma unaoshuka lifti inapopanda na kupanda lifti inaposhuka, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Kwa hiyo mota haibebi kila kitu, inasukuma tofauti tu. Na kwa kuwa haihangaiki, inaongea kwa sauti ndogo. Anayetaka kujua inasema nini lazima ainame.

Sikio aliinama. Alikuwa na bisibisi ndefu kama mkono, mpini wa mbao uliong'aa kwa jasho la miaka. Ncha aliiweka kwenye kifuniko cha mota, mpini akaugandamiza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, akafumba macho. Sauti ya beringi, zile gololi za chuma zinazobeba mhimili wa mota, ilipanda kupitia chuma, ikapita kwenye mbao, ikaingia kichwani mwake. Beringi nzima inavuma kama pumzi ya mtu aliyelala vizuri. Ikianza kukauka, kuna mchanga kwa mbali. Ikianza kufa, kuna mtu anasaga meno. Mashine mbili, dakika kumi na tisa kila siku, miaka kumi na minne, jengo moja la ghorofa kumi na moja. Alichokisikia alikiandika kwenye daftari kubwa lenye jalada jekundu, lililofungwa kwa uzi kwenye msumari ukutani, halafu akasaini: nimekagua, ni salama kubeba watu.

Hilo daftari halikuwa la hiari. Sheria ilisema kila lifti iwe na daftari lake, na mtu mwenye leseni atie saini yake kabla ya lifti kuanza kazi. Karakana nyingine walisaini wiki nzima Jumatatu asubuhi, wakimaliza na chai. Sikio alisaini siku moja kwa wakati mmoja, na hakuwahi kusaini kabla ya kusikiliza.

Matokeo yake yalikuwa haya: kwenye jengo lake hakuna mtu aliyekwama kwa siku mia nne na ishirini.

Na kwa ajili hiyo akawa kobe.

*

Hapa ndipo hasira yake ilipokuwa inampata pabaya, kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yake mwenyewe.

Miezi minane nyuma, kampuni ilipoamua kuleta mchezo wa pointi, alikuja binti mmoja mpole mwenye laptopu iliyojaa vibandiko. Kazi yake ilikuwa kuunda orodha ya vitendo. Alieleza vizuri tu: simu ya kila fundi itakuwa na programu, na kila fundi akifanya kitendo kilichomo kwenye orodha, atabonyeza kitufe au ataskani kibandiko kilicho kwenye mashine, na mfumo utajua nani kafanya nini, wapi, saa ngapi. Kisha utampa pointi. Kilichoko kwenye orodha kitaonekana. Kisichokuwepo hakitaonekana.

Kwa kuwa Sikio ndiye aliyekuwa na miaka mingi kuliko wote, meneja alimwambia binti, "Mfuate huyu. Akikwambia kazi za fundi ni zipi, umemaliza."

Siku mbili binti wa mfumo alimfuata kama kivuli. Sikio alifurahi, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akamtajia vitendo kumi na nane, kimoja kimoja, kwa fahari. Kukubali kazi. Kuskani mashine. Kubadilisha kamba. Kurekebisha breki. Kufunga hitilafu. Kumtoa mtu aliyekwama. Binti aliandika kila neno.

Mwishoni akauliza, "Na kule chumba cha juu asubuhi, mama, ukisimama na ile bisibisi? Ile ni nini?"

Sikio akacheka, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Aa, ile si kazi, binti yangu. Ile nazisalimia tu mashine. Usiandike hiyo, watanicheka."

Binti hakuandika.

Unaona? Fundi wa kweli kazi yake kubwa haioni kama kazi. Ukimuuliza mpishi anafanya nini, atakutajia kukata na kukaanga, hatakutajia kunusa.

Basi mfumo ukaja. Kukubali kazi, pointi mbili. Kufunga hitilafu, kumi. Kumtoa mtu aliyekwama, hamsini, na simu inapiga tarumbeta. Lakini ukikaa dakika kumi bila kubonyeza chochote, simu inakuuliza: *Bado upo?* Usipojibu, inaandika "muda usio na kitendo" na kukukata pointi tano.

Sikio akisikiliza hawezi kubonyeza, kwa sababu mkono mmoja una bisibisi, mwingine umeshika kifuniko, na macho yamefumbwa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hata hajanywa chai, alikuwa anakatwa pointi tano kwa kufanya kazi yake.

Bingwa yeye alielewa mchezo siku ya kwanza. Skrubu ya kihisi cha mlango, kile kinachoiambia lifti kwamba mlango umefungwa, aliikaza nusu. Ikilegea baada ya siku tatu, mlango unagoma, mara nyingine mtu yumo ndani, hitilafu inafunguliwa kwenye mfumo, anakuja, anaikaza nusu tena, anafunga. Kumi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwepesi, na mwepesi alipewa njia ya mteremko. Tangu mchezo uanze alikuwa ameokoa watu kumi na mmoja kwenye jengo lake. Wapangaji walimpigia makofi. Walikwama kwa sababu yake, wakaokolewa naye, wakamshukuru.

*

"Sitoki mpaka nimwone," Sikio alimwambia katibu, na hakusubiri jibu.

Meneja alikuwa ofisini na binti wa mfumo, wanaangalia michoro yenye rangi. Alikuwa kijana msafi, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na alikuwa na tabia ya kutabasamu kabla hujamaliza kusema.

"Karibu, mama yetu. Najua umekuja kwa lile suala la ubao wa pointi."

"Sijaja kwa ubao. Nimekuja kuuliza. Jengo langu watu wangapi wamekwama tangu mwaka jana?"

Binti akagusa laptopu. "Sifuri."

"La Bingwa?"

"Kumi na mmoja."

"Sasa mbona yeye ana taji na mimi nina kobe?"

"Kwa sababu Bingwa ameokoa watu kumi na mmoja!" meneja alisema, akifungua mikono.

"Waliokwama kumi na mmoja!" Sikio alipiga meza, kalamu zikaruka. "Kumi na mmoja waliokaa gizani wanagonga mlango! Mimi wangu hawakukwama, ningewaokoa kutoka wapi?"

"Mama, mfumo hauna chuki na mtu. Unahesabu tu."

"Unahesabu nini? Nieleze mimi mjinga."

Meneja akamgeukia binti, kama mtu anayekabidhi mzigo wa moto. Binti akaisukuma laptopu pembeni.

"Kitendo lazima kiwe na mwanzo na mwisho, mama. Na lazima kiwe na kitu cha kushika. Mbofyo, au picha, au skani. Hivyo ndivyo mfumo unavyojua kwamba kimetokea."

"Nikisikiliza nikakuta mashine ni nzima?"

"Hapo... hapo hakuna kilichotokea."

"Ehee! Hakuna kilichotokea! Hiyo ndiyo kazi yangu, hakuna kilichotokea! Siku mia nne na ishirini hakuna kilichotokea, na haikuwa bahati!"

"Naelewa, mama. Lakini kisichotokea mfumo hauna macho nacho."

"Basi mnanihamisha kwa ushahidi wa kipofu."

Binti akainamisha kichwa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Mimi nilikuuliza siku ile. Ukasema unazisalimia tu."

Neno hilo lilimchoma Sikio kuliko kobe wote duniani. Ni kweli. Alikuwa ameulizwa, na kwa kuogopa kuchekwa akaificha kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Hasira ikakosa mahali pa kwenda, ikamrudia.

"Naweza kukiongeza sasa hivi," binti alisema haraka. "Kitendo cha kumi na tisa, kusikiliza mashine. Pointi tano."

"Ongeza, ongeza," alisema meneja, amefurahi. "Tatizo limekwisha."

Mlangoni palikuwa na kikohozi cha utani. Bingwa alikuwa amesimama hapo na kikombe chake, na nyuma yake mafundi wawili waliokuja kusikiliza ugomvi. "Kusikiliza tu, pointi tano?" alisema. Akachomoa bisibisi mfukoni, akaiweka kwenye jokofu la maji la meneja, mpini sikioni, macho yamefumbwa. "Mmh. Mmmh. Linasema lina njaa."

Wakaangua kicheko, hata meneja. Na katika kicheko hicho Sikio akaiona kesho yote ilivyo: mafundi tisa, majengo tisa, bisibisi tisa masikioni tangu asubuhi mpaka jioni, wanasinzia kwa pointi tano, wala hakuna anayesikia kitu.

"Usiongeze," alimwambia binti.

"Mama?"

"Nimesema usiongeze! Kitageuka upuuzi kabla ya saa sita."

Meneja alichoka kutabasamu. "Sasa mama, ukipewa hutaki, usipopewa unapiga meza. Ubao unafungwa Jumatano saa kumi jioni. Ukiwa bado wa mwisho, Alhamisi saa mbili unamkabidhi Bingwa jengo. Barua nimeshaandika, imebaki tarehe tu."

*

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa sebuleni, kwa hiyo ugomvi wote wa nyumba hiyo ulifanyika huku suruali ya mtu inashonwa.

"Wangenipa mimi pointi kwa kila suruali inayorudi imepasuka," alisema jioni ya Jumanne, akikata uzi kwa meno, "ningekuwa na taji mpaka kwenye kidole gumba."

Sikio alikaribia kucheka, akakumbuka, akanuna tena. "Wewe fanya mzaha. Miaka kumi na minne! Ananijibu mtoto mdogo eti hakuna kilichotokea."

"Umekosa pointi ngapi kumpita huyo wa nane?"

"Thelathini na kitu."

"Na mtu mmoja akikwama ni hamsini." Mume wake hakumtazama, alikuwa anaingiza uzi kwenye tundu la sindano. "Skrubu moja tu, mama watoto. Unailegeza, dakika kumi, unaikaza. Nani anaumia?"

Alikuwa anatania. Au labda nusu. Sikio alimtupia kitambaa usoni, akaingia jikoni na kugonga masufuria ambayo yalikuwa masafi tayari.

*

Jumatano saa tisa alasiri alikuwa chumba cha juu, peke yake. Simu ilikuwa juu ya sanduku la umeme. Yeye mia moja tisini na sita. Wa nane mia mbili na thelathini. Imebaki saa moja.

Kwenye bomba la lifti, lile shimo refu inamopita, sauti hupanda. Ukisimama karibu na tundu la kamba unawasikia watu walioko ndani kana kwamba wako chumbani nawe. Mashine namba mbili ilianza kuzunguka, na kutoka chini ikapanda sauti ya Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwanamke mstaafu wa ghorofa ya tisa, mwenye kiti cha magurudumu na ulimi mkali. Mara tatu kwa wiki alishuka kwenda kliniki kusafishwa damu, na mara tatu alipanda amechoka kama nguo iliyokamuliwa. Leo haikuwa siku ya kliniki, alikuwa anarudi kutoka dukani, na alikuwa anaongea peke yake, kama kawaida yake, akiihesabia lifti ghorofa: "Tatu. Vizuri. Nne. Usitikisike, mwanangu. Tano."

Sikio alikuwa ameshafungua kijisanduku cha waya za milango ya namba mbili. Skrubu inayobana waya wa kihisi cha mlango ilikuwa mbele yake, na bisibisi imeshaingia. Akaizungusha robo. Robo nyingine. Hakuambiwa na mtu. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa hasira, na hasira ilikuwa inamwambia, wanataka kitu kitokee, basi kitokee. Hamsini. Tarumbeta. Kobe ampate mwingine.

"Saba," alisema Mwalimu kwenye bomba. "Huyu Sikio Mungu ampe maisha marefu. Nane."

Sikio alikaza. Alikaza skrubu ile, akaendelea kukaza ilhali imeshafika mwisho, meno yameumana, machozi ya ghadhabu yanamtoka kwa sababu walikuwa wamemfikisha hapo, yeye, kwenye skrubu hiyo.

Mlango wa ghorofa ya tisa ulifunguka vizuri, kama siku zote. Hakuna kilichotokea.

*Bado upo?* iliuliza simu.

Hakujibu. Mia moja tisini na moja.

*

Alhamisi saa mbili kamili walikuwa watatu katika chumba cha juu: meneja na barua yake, Bingwa na jaketi la zawadi lenye taji mgongoni, na Sikio na mkoba wake. Lifti zote mbili zilikuwa zimesimamishwa, kwa sababu makabidhiano hayafanyiki mashine zinazunguka. Chini, ghorofa ya tisa, kengele ya kuita lifti ilikuwa inalia. Ilikuwa siku ya kliniki ya Mwalimu.

"Haya, haraka haraka," meneja alisema. "Funguo, vifaa, saini, tumalize. Watu wanasubiri."

Sikio alitoa funguo. Kisha akalichukua daftari jekundu ukutani, akalifungua ukurasa wa siku hiyo, mweupe, akaliweka juu ya sanduku la umeme.

"Kabla hajasaini, namkabidhi mashine kwa mdomo, kama tulivyofundishwa. Namba moja ni nzima. Namba mbili, beringi ya kushoto imeanza mchanga tangu miezi miwili. Niliomba nyingine, mfumo ukakataa ombi kwa sababu hakuna hitilafu iliyofunguliwa. Jana ilikuwa salama. Leo sijui, leo sijasikiliza. Lazima asikilize yeye ndipo ajue." Akamnyooshea Bingwa ile bisibisi ndefu. "Karibu."

Bingwa alicheka kidogo, akamtazama meneja, akaona kwamba meneja hacheki. Sikio akawasha mota namba mbili bila watu, taratibu. Bingwa akaweka ncha, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. Safari hii hakusema "mmh." Alikaa. Akabadilisha sikio. Akakaa tena. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo.

"Unasikia nini?" Sikio aliuliza.

"Kelele."

"Kelele gani?"

"Kelele tu, dada. Nasikia kelele tu."

"Mchanga umeongezeka au uko vilevile? Kwa sababu ukiwa vilevile unasaini. Ukiwa umeongezeka unafunga lifti."

Bingwa alisimama wima. Akalitazama daftari, mstari wenye nafasi ya jina, nafasi ya namba ya leseni, nafasi ya saini. *Nimekagua, ni salama kubeba watu.* Kengele chini ililia tena, ndefu.

"Saini bwana," meneja alisema. "Mbona kule kwako unasaini?"

"Kule sikuambiwa kitu. Hapa nimeambiwa mbele yako." Bingwa alirudisha kalamu juu ya sanduku kama kitu cha moto. "Mimi sisaini."

"Bonyeza basi kwenye simu, 'nimepokea jengo', tutaandika baadaye—"

"Kubonyeza nitabonyeza hata mara mia, bosi. Hii ni saini. Mtu akianguka na lifti hii hawaji kutafuta kidole, wanakuja kutafuta jina."

"Ni karatasi tu!"

"Kama ni karatasi tu, saini wewe."

Meneja aliitazama kalamu. Sikio aliona vidole vya yule kijana msafi vikijikunja ndani ya mfuko.

Simu ya meneja ikaita. Alikuwa mlinzi wa jengo, aliyekuwa amepanda ngazi mpaka ghorofa ya tisa, na nyuma ya sauti yake ikasikika ya Mwalimu, kali kama rula: "Mwambieni saa yangu ni tatu! Wakichelewa, zamu yangu anapewa mtu mwingine! Mimi niteremke ngazi kwa magurudumu?"

"Sikio," meneja alisema, na tabasamu lilirudi likiwa limepinda. "Mama yetu. Saini leo, watu wapite. Haya mengine tutakaa tuongee kesho."

Hapo ndipo alipolipuka. Sauti yake ilijaa chumba mpaka Bingwa akarudi nyuma. "Kesho ipi? Barua yako inasema tangu saa mbili mimi ni mtu wa stoo! Mtu wa stoo hasaini lifti! Miezi mitatu mmenichora kobe kwenye ukuta, mkanikata pointi kila nilipoinamia mashine hii, leo mnataka jina langu? Kwa nini hamchukui lile taji? Lisaini!"

"Unataka nini?"

"Rudisha barua yako. Na beringi uiidhinishe sasa hivi, si kwa mfumo, kwa mkono wako."

Meneja alitazama mlango, kana kwamba mlangoni kungekuwa na mtu wa kumsaidia. Kisha akaipiga barua mstari mkubwa wa kuifuta, akaigeuza, akaandika nyuma yake, kwa kalamu ileile: beringi moja, namba mbili, inunuliwe leo. Akasaini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusaini kitu chochote katika chumba hicho.

Sikio aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya daftari. Hakushukuru. Alijua ubao utabaki palepale, kobe atabaki palepale, na Jumatatu watamcheka tena. Hawakuwa wamemwelewa. Walikuwa wameishiwa mtu mwingine, basi.

"Haya, saini," alisema meneja, akitazama saa. "Mama wa watu anasubiri."

"Kwanza nisikilize."

"Dakika ngapi?"

"Nyamazeni."

Aliwasha tena mota, akainama. Ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa, macho yamefumbwa. Chini kengele ilinyamaza, labda Mwalimu aliisikia mota inaanza kuzunguka na akajua ni nani yuko juu. Meneja alisimama kwenye joto na shati lake linaanza kumganda mgongoni. Bingwa alivua jaketi, akalikunja upande wa taji ukaingia ndani.

Juu ya sanduku la umeme, simu ya Sikio iliwaka.

*Bado upo?*

Bingwa alinyoosha kidole ili ambonyezee. Sikio, bila kufumbua macho, akampiga kofi mkononi.